Mashua Isiyotiwa Frigoliti

Mukarugwiza alikuwa jikoni akionja mchuzi wa sambaza, wale dagaa wa ziwani, aliposikia makofi kutoka ziwani, na kabla hajaweka kijiko chini alikwisha kujua. Watu waliotoka kwenye misa ya marehemu hawapigi makofi namna ile. Yale yalikuwa makofi ya watu wanaoonyeshwa kitu.

Akatoka mbio na kitambaa cha jikoni begani.

Siku hiyo ilikuwa ya kumkumbuka mumewe, Protais, aliyetimiza mwaka kaburini. Ukoo wote ulikuja Cyangugu, wa ng'ambo ya Bukavu na wa huku, na baada ya misa wakateremka nyumbani kwake kando ya ziwa kula na kunywa. Protais alikuwa fundi wa injini za boti. Miaka yake ya mwisho, kila jioni, alijifungia kwenye kibanda chake nyuma ya nyumba akiunda mashua ndogo ya triplex, ile mbao nyembamba ya tabaka, urefu wa mkono wa mtu mzima, mfano wa boti ya abiria aliyoihudumia tangu ujana. Ilikuwa na injini ya batri, na mtu aliweza kuiongoza kutoka ufukweni kwa telekomande. Alikufa ikiwa imebakia kitu kimoja tu. Tumbo lake lilikuwa tupu. Hakuitia frigoliti, ile nyeupe nyepesi inayofungiwa friji mpya, ambayo hata ukiizamisha kwa mguu inarudi juu. Mashua isiyo na kitu cha namna hiyo tumboni, maji yakiingia, batri na injini huivuta chini kama jiwe.

Na asubuhi ile ile, kabla ya misa, Mukarugwiza alimkuta shemeji yake Nsengiyumva kibandani, akiipapasa mashua kwa vidole.

"Usiipeleke majini, shemeji. Haina frigoliti."

"Sawa, Maman Gaju," alijibu Nsengiyumva, akimwita kwa jina la binti yake kama ilivyo desturi. "Minaangalia tu."

Sasa Nsengiyumva alikuwa amesimama kwenye mawe ya ufukweni, na suti yake ya kanisani, telekomande mkononi, nyuma yake wajomba na mashangazi wamejipanga kama mbele ya mpiga picha. Na mashua, wacha tuseme kweli, ilikuwa nzuri. Iliteleza juu ya maji kama bata, ikakata kona, ikarudi. Shangazi mmoja alikuwa akijifuta machozi. Kwa muda mfupi hata Mukarugwiza mwenyewe alisahau kupiga kelele.

Kisha boti moja ya wavuvi ikapita kwa kasi huko mbele, na wimbi lake likaja taratibu. Mtu mzima asingeliona, lingemlowesha viatu basi. Lakini lilipanda nyuma ya ile mashua, likaingia chini ya kifuniko ambacho Nsengiyumva hakukikaza. Matako ya mashua yakazama. Pua ikanyanyuka juu, ikasimama hivyo kidogo kama inauliza swali, halafu haikuwepo tena.

Kisha mjomba mmoja mwenye bia mkononi akacheka.

"Nilikuambia nini?" Mukarugwiza alisema. Sauti yake ilitoka ndogo, na hilo ndilo lililowatisha watu. "Asubuhi, kule kibandani, nilikuambia nini?"

"Maman Gaju, nilitaka bantu baone kazi ya kaka—"

"Nilikuambia nini!"

"Uliniambia haina frigoliti."

"Basi ingia. Ingia uilete."

"Na suti?"

"Uliipeleka na suti."

Hakuna aliyejaribu kumtetea. Nsengiyumva alivua viatu, akavua koti, akalikunja vizuri juu ya jiwe, akaingia ziwani na suruali yake ya misa. Maji yalimfika kifuani, kisha shingoni, kisha akapiga mbizi. Alizuka akitema maji, akazama tena, akazuka mikono mitupu. Yule mjomba aliacha kucheka. Mwishowe Nsengiyumva akatoka nayo, majani ya ziwani yakining'inia kwenye usukani wake, na Mukarugwiza akaipokea, akapanda nayo nyumbani, akaacha wageni wajipakulie wenyewe.

Usingizi haukumjia. Hasira ilimkalia kifuani kama mzigo wa muhogo. Alfajiri alifungua kibanda, akaikausha mashua kwa kitambaa, akatoa injini na nyaya akavizika kwenye bakuli la mchele mkavu. Kwenye rafu alikuta kopo la povu la kupuliza, lile ambalo wajenzi hulijaza kwenye nyufa za madirisha, likafura na kugeuka gumu. Protais alilinunua kwa ajili ya dirisha la chumbani. Dirisha lenyewe hakuliziba pia.

Ingefaa aende kazini kwanza. Alikuwa muuzaji katika duka la dawa huko Gihundwe, na pale stoo palijaa maboksi ya frigoliti yaliyoletewa chanjo. Angeweza kubeba hata matatu. Lakini hasira haingoji mtu aende kazini arudi. Aliingiza mrija wa kopo ndani ya pua ya mashua, akabonyeza. Akabonyeza upande wa nyuma. Akabonyeza pembeni, huku akisema maneno ambayo padri asingependa kuyasikia, mpaka kopo likakoroma na kuisha. Kisha akafunga sitaha juu, akakaza skrubu zote, akaenda zake Gihundwe.

Aliporudi alasiri, mashua ilikuwa imevimba. Povu lilikosa pa kwenda, likasukuma mbao. Ubavu mmoja ulikuwa umepasuka toka mbele hadi katikati, na kwenye ufa ule povu la manjano lilichungulia kama usaha.

Alikuwa bado amesimama mlangoni, mkoba begani, Mwavita alipofika. Mwavita alikuwa rafiki yake tangu walipokuwa wasichana Bukavu. Alivuka mpaka mara kwa mara kuuza vitenge, na hapitwi na habari.

"Banasema ulimtupa shemeji yako ziwani," alianza. Kisha akaiona mashua. "Ee Mungu wangu! Hii iko na mimba ya nani?"

Akacheka. Mwavita alikuwa na kicheko kizuri, siku nyingine kingemwambukiza mtu yeyote.

"Toka," alisema Mukarugwiza.

"Maman Gaju..."

"Toka! Nyote mnacheka! Mnaona ni mchezo wa batoto? Ningeitia frigoliti mimi mwenyewe, tangu mwaka juzi, kwa mikono hii! Maboksi niliyaleta. Yalikaa pale, kwenye kona ile, mpaka panya wakayatafuna. Nikamwambia, Protais, tia. Akaniambia kwanza aione inakimbia. Nikamwambia, Protais, kifua hicho kinachokubana ukipanda ngazi si uchovu, mimi nauza dawa za moyo kila siku, nawajua wanaozinunua. Hospitali iko palepale Gihundwe, pikipiki inakufikisha kabla hujamaliza wimbo. Akaniambia nitakwenda nikimaliza mashua. Mashua! Alikaa hapa anapiga msasa kipande cha mbao, mkono wa kushoto umekufa ganzi, anauficha chini ya meza nisiuone!"

Mwavita hakuwa akicheka tena.

"Nilipoingia na chai alikuwa amelalia meza. Gundi ilikuwa bado mbichi kwenye vidole."

Alichukua kopo tupu la povu akalitupa ukutani. Liliruka, likabingirika mpaka miguuni mwa Mwavita.

"Sasa Nsengiyumva anaingiaje hapo?" Mwavita aliuliza polepole. "Si yeye aliyekataa kwenda hospitali. Mtukane mwenyewe mwenye kosa."

"Marehemu hatukanwi."

"Nani atasikia? Miye? Miye niko ng'ambo, sisikii kitu."

Akauegemea mlango kwa mgongo, akaufunga.

Basi Mukarugwiza akamtukana mumewe. Alianza kwa Kinyarwanda cha heshima na kumalizia kwa Kiswahili cha sokoni Kadutu, kule Bukavu, ambacho hakikuwa kimepita mdomoni mwake tangu ujana. Alimwita mkaidi, mwoga wa sindano, mjinga mwenye mikono ya dhahabu. Alimwambia amemwacha peke yake na nyumba yenye dirisha linaloingiza upepo. Alipiga meza ile kwa viganja mpaka vikawa vyekundu. Alipochoka akakaa chini sakafuni kwenye vumbi la mbao, na Mwavita akakaa naye, kitenge kipya na vyote.

Hasira haikuisha, msidhani. Ila ilikuwa imepata anwani.

Jumamosi Nsengiyumva alikuja kutoka Bugarama, anakosimamia kinu cha mpunga. Hakubisha hodi kwa unyenyekevu, la. Aliingia kibandani uso umekunjamana.

"Maman Gaju, miye si mtoto. Ulinipigia kelele mbele ya ukoo wote. Nilikosa, ndiyo. Lakini ungenivuta pembeni. Protais alikuwa kaka yangu mbele ya kuwa bwana yako."

Mukarugwiza alikuwa akikwangua povu gumu kwa kisu, vipande vimemjaa nywelini.

"Ni kweli," alisema. "Ningekuvuta pembeni. Na bado nimekasirika nawe."

"Na miye bado nimekasirika."

"Shika upande huo, basi, nikwangue."

Akashika. Walifanya kazi hivyo, kila mmoja amenuna. Wakaondoa povu lote, wakaubana ubavu uliopasuka kwa kamba, wakaugandisha kwa gundi. Mukarugwiza akaleta maboksi ya chanjo, wakayakata vipande kwa kisu kilichopashwa moto: kimoja cha pua, kimoja cha nyuma, na virefu vya kupangwa juu kabisa pande zote mbili, chini ya sitaha. Vikiwekwa chini sakafuni, alieleza, mashua iliyojaa maji itapinduka tumbo juu. Katikati wakaacha nafasi ya injini na batri.

Nsengiyumva alitoa mfukoni kopo la gundi ya viatu, akapaka kipande cha kwanza. Frigoliti ikaanza kuyeyuka, ikatoboka kama mkate uliomwagiwa chai.

"Hiyo inaila!" alifoka Mukarugwiza. "Huwezi kuuliza?"

"Ningejuaje?"

"Kwa kuuliza!"

"Nauliza sasa! Gundi gani?"

"Nyeupe. Ya mbao. Iko nyuma yako."

Wakati gundi ikikauka walikula viazi vitamu. Kisha wakajaza maji kwenye beseni kubwa la kufulia, wakaiweka mashua humo na mawe yenye uzito wa batri, na Mukarugwiza mwenyewe akachukua jagi akaimwagia maji ndani hadi juu. Ilishuka. Ilishuka mpaka maji yakawa sawa na sitaha, na hapo ikakaa. Nsengiyumva akaisukuma chini kwa kiganja, akaiachia. Ikarudi.

"Njo vile," alisema kwa kuridhika. Akaisukuma tena, na tena, mpaka Mukarugwiza akamwambia inatosha, beseni si lake.

Jumapili iliyofuata, injini iliyokauka ikiwa imerudishwa ndani, walishuka nayo ziwani, wao wawili tu na Mwavita aliyeleta mahindi ya kuchoma. Nsengiyumva alinyoosha mkono kuomba telekomande.

"Hapana," alisema Mukarugwiza.

Aliiongoza yeye. Mwanzo ilizunguka papo hapo kama mlevi, kisha akaupata usukani, ikaenda moja kwa moja. Ilikuwa nzito kidogo upande ule waliougandisha, ikiegemea kushoto. Mawimbi ya boti yaliifunika mara moja. Ikapotea, Mwavita akashika mdomo, ikatokea imelowa, sitaha sawa na maji, bado inajikokota. Mukarugwiza aliendelea kubonyeza, meno yameumana, akaipeleka mbali kuliko Protais alivyowahi kuthubutu kusema, mpaka batri ikaisha na ikasimama huko katikati.

"Sasa?" Nsengiyumva aliuliza.

"Upepo utaileta. Kaa."

Wakakaa juu ya mawe, wakala mahindi. Nsengiyumva akasema ule ubavu unataka rangi ya bluu. Mukarugwiza akasema nani kamuuliza. Mwavita akasema nyekundu, na wote wawili wakamgeukia kwa hasira.