Mlezi wa Mnara wa Liwali

Mji wa Mng'aro, katika nchi ya Tandabelua, ulijengwa kwa vioo vitupu, hata watawala wake, kila walikotupa macho, hawakuona watu bali sura zao wenyewe, na kwa kuziona sura hizo zikinawiri waliamini nchi nzima imeshiba. Mkubwa wao, Liwali Kunguta, alikaa katika mnara mrefu kuliko yote pamoja na mkewe, Bi Zumaradi, aliyeshinda vikaoni tangu alfajiri, maana huko aliyeonekana akipumzika alidhaniwa mgonjwa. Mwana wao, Fahari, alilelewa na Mashavu, mwanamke wa mitaa ya bondeni. Sheria ya minara ilimruhusu mlezi kwenda kwake mara moja tu kila mwezi, mapenzi yake yasije yakagawanyika.

Siku yake ya ruhusa, Mashavu alifika kwake na mkate wa ufuta. Bintiye, Tunu, wa miaka mitatu, akajibanza nyuma ya babaye, Kibwana.

"Baba, mgeni amekuja."

Kibwana akainamisha kichwa. "Usimlaumu mtoto, mke wangu."

"Simlaumu yeye."

Tunu alikubali mkate, kupakatwa alikataa.

Kesho yake Mashavu akarudi mnarani kuaga.

"Ukiondoka, Fahari atalala na nani?" Bi Zumaradi akamuuliza.

"Na mamaake, bibi."

"Mimi nina vikao."

"Na mimi nina mwana."

Siku hiyo Fahari alikuwa akitangazwa mrithi. Liwali alimwinua mbele ya umati, na kutoka huko juu mtoto akamwona mlezi wake akitoka langoni na furushi kichwani.

"Mama!"

Akamng'ata Liwali mkono, akaponyoka, akamkimbilia Mashavu. Hakuna aliyecheka. Walezi wa minara mingine, waliosimama nyuma ya mabwana zao, wakaanza kuwatua watoto waliowabeba, mmoja baada ya mwingine, wakashika njia ya langoni. Na watoto wakawafuata.

"Fungeni lango!" Liwali akafoka, damu ikimchuruzika.

Askari akashika komeo, akatazama ndani, akatazama nje. "Tumzuie nani, mheshimiwa?"

Bi Zumaradi akamwita mwanawe, mara ya kwanza kwa kuamrisha, mara ya pili kwa kuomba. Fahari hakugeuka. Alikuwa ameng'ang'ania kanga ya Mashavu, naye Mashavu, uso ukielekea bondeni, aliishika mikono ile midogo, asijue kama anaibandua au anaikaza.