Kijiti Kikavu

Gari la Baba lilianza kula oili na kutoa moshi wa bluu baada ya mvua kubwa za mwaka ule, na kwa kuwa mimi ndiye fundi wa familia, aibu yote ilikuwa yangu. Lina miaka ishirini na saba. Kila asubuhi lilimpeleka binti yangu shuleni na kila Jumanne lilimpeleka Mama kliniki. Dereva ni Baba, aliyestaafu baada ya kuendesha basi la shule miaka thelathini na moja bila kugonga hata kuku. Mtaa mzima unamwita Dereva, hata Mama.

"Limekunywa tena," alikuwa akinipigia simu kuniambia. "Kijiti cha oili kimetoka kikavu."

Nilibadilisha sili za vavu zinazozuia oili isiingie kwenye silinda, moshi wa bluu ukaendelea. Nikafungua injini nzima, nikaweka ringi mpya za pistoni, nikalirudisha huku nikitamba. Oili niliyomwaga siku ile ilifurika beseni, nikadhani mzee ameongeza kabla ya kulileta. Baada ya wiki mbili gari likarudi linafuka kama jiko la kuni mbichi. Wenzangu pale gereji wakapata cha kuchekea.

"Fundi, gari la mzee wako limekutoa jasho!"

Niliwajibu maneno ambayo siyarudii hapa. Nina hasira za karibu, najijua.

Kitu kimoja sikukifanya, na mpaka leo kinaniuma: sikupima oili mwenyewe. Kwetu kijiti cha oili ni cha Baba. Tangu nikiwa mdogo yeye ndiye hukichomoa, hukifuta kwa kitambaa cheupe, hukichovya tena, ndipo hukisoma. Ndivyo alivyonifundisha. Akishasema oili imepungua, kupima nyuma yake ni kumwita mwongo.

Jumamosi moja nilikwenda kwao asubuhi bila kuwaarifu. Baba alikuwa uani, boneti iko juu, kopo la oili liko miguuni pake. Hakuniona. Alichomoa kijiti, akakifuta taratibu mpaka kikang'aa. Kisha akakiinua usawa wa macho na kukisoma hapo hapo.

"Kikavu," akajisemea, kwa masikitiko kabisa. Akamimina kopo zima.

Nilitaka kucheka, nikaacha. Hakuwa amekichovya. Mtu aliyenifundisha kazi hii alikuwa anasoma kijiti alichotoka kukifuta.

Alipoingia ndani kunawa mikono, nilikichomoa, nikakifuta, nikakichovya. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa vidole vitatu. Injini haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa imejazwa kupita kiasi, na moshi wote ule ulikuwa ni oili iliyozidi inayoungua.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Umeona," alisema. Hakuwa anauliza.

"Tangu lini, Mama?"

"Siku ile aliyomrudisha mtoto na sare zake akasema shule imefungwa, unakumbuka? Mlicheka. Shule haikuwa imefungwa, mwanangu. Njia ndiyo ilimpotea." Alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Sikutaka niwe mimi wa kumnyang'anya ufunguo."

Nilimkasirikia Mama, nikajikasirikia mwenyewe, kisha hasira zikaniisha nikabaki na woga mtupu. Binti yangu hukaa kiti cha nyuma cha gari lile. Kupunguza oili ni kazi ya dakika kumi, na gari lingepona kabisa. Nilitamani sana iwe ni ringi.

Baba akatoka anajifuta mikono. "Ah, Fundi! Umelikuta linavyokunywa?"

"Nimelikuta, Baba." Sikuwahi kumdanganya kuhusu injini maisha yangu yote. "Limekwisha. Silinda zimelika, hazitengenezeki tena. Hili halirudi barabarani."

Aliweka mkono juu ya boneti. "Umepima?"

"Nimepima."

"Umefuta kwanza, ukachovya, ndipo ukasoma?"

Ilibidi nitazame pembeni kabla ya kujibu. "Nimefuta, nikachovya, nikasoma. Kama ulivyonifundisha."

"Basi," alisema, akatoa ufunguo mfukoni.

Mwenzangu wa gereji alikuja na gari lake na kamba. Gari lililokufa haliondoki kwa injini yake, kwa hiyo nilishika usukani wa gari lililo zima kabisa, nikasubiri kuvutwa. Baba akaja mpaka dirishani, akaniwekea kile kitambaa chake cheupe mapajani. Akainama ili Mama asisikie.

"Afadhali ni gari, mwanangu," alisema. "Nilishaanza kuogopa kwamba ni mimi."