Koliflawa za Baba Mkwe

Mama mkwe wangu, Sonmati, ana tabia moja inayoniudhi kuliko zote: akishasema hapana, haongezi neno. Ukitaka kugombana naye, unabaki unagombana na mgongo wake. Siku mvua ilipotuharibia kitalu, mgongo huo niliupata asubuhi nzima.

Ilikuwa imenyesha mfululizo, ile mvua ya mwisho wa masika yetu isiyojua kuaga. Kitalu cha koliflawa nilichokiinua kwa mikono yangu na kukifunika nyasi kiligeuka uji. Miche iliyokuwa imechomoza vizuri, kijani kibichi, ilikuwa imelala chali, shingo zimeoza. Niliokota mmoja nikaona machozi yananitoka, na mimi si mtu wa kulilia mboga.

Ila hapo nilikuwa nalilia zaidi ya mboga. Tangu baba mkwe, mzee Jagdeo, atutoke mwaka juzi, shamba letu lilikuwa limeshikwa na Ramsakal, mtoto wa mdogo wake, akililima kwa kugawana mavuno. Mume wangu Bisheshar yuko Surat kwenye viwanda vya nguo, na kila akipiga simu wimbo ni ule ule: "Mwache Ramsakal alime, Lalmuni. Wewe pumzika." Nipumzike! Kama vile nilizaliwa kukaa barazani nikifukuza nzi. Nilimng'ang'ania mama mpaka akakubali nipewe majira haya ya baridi, mara moja tu. Mboga zikitoka, shamba linabaki nyumbani. Zisipotoka, Ramsakal anarudi na jembe lake, na mimi nisilitaje tena.

Kwetu koliflawa huitwa kwa jina la mwezi wake wa kuvunwa. Kuna ya Kartik, kuna ya Aghan, kuna ya Pus, na kila moja ina wakati wake wa kusiwa. Ya Aghan ukiichelewesha haikuonei haya: inakutolea ua la ukubwa wa kifungo cha koti, na hapo ndipo mwisho wake. Mbegu zangu zilikuwa za Aghan, alizozikausha baba mkwe mwenyewe kutoka mavuno yake ya mwisho. Mzee yule hakuwahi kununua mbegu ya dukani maisha yake yote. Alituachia kopo moja la bati. Nusu ya kopo ndiyo iliyooza, na nusu iliyobaki ilitakiwa iingie udongoni wiki ile ile.

Na wiki ile ilikuwa imeangukia katikati ya siku za wazee, nusu mwezi ambao marehemu hurudi kula kwao. Siku hizo hatuozi binti, hatununui nguo, hatuanzi kazi mpya ya namna yoyote.

"Mama, tusie leo jioni," nilimwambia. "Tuta nimeshaliinua upya."

"Hapana."

"Mbona si kazi mpya? Ni ile ile, tunairudia."

Mgongo.

"Tukingoja wazee waondoke, tutakuwa tumechelewa. Tutavuna vifungo!"

Mgongo.

"Mama, mbegu hazijui kalenda ya kuhani."

Hapo aligeuka. "Majirani wanaijua. Kitalu kikioza tena watasema nini, bi harusi?" Ananiita bi harusi mpaka leo, ingawa mwanangu mkubwa ameshanipita kimo. "Watasema mke wa Bisheshar kawakanyaga wazee, na wazee wamemwonyesha. Utaliweza hilo?"

"Nitaliweza."

"Mimi sitaliweza," akasema, akachukua ndoo akaenda kukamua nyati.

Nilibaki nimesimama pale na hasira zangu. Na kama vile haijatosha, Ramsakal akatokea upande wa pili wa boma, anasugua meno kwa kijiti cha mwarobaini.

"Shemeji! Nasikia siku hizi unafuga samaki."

"Nafuga. Na wewe ingia humu, kwa masharubu hayo nitakuuza kwa bei ya kambare."

Akacheka mpaka kijiti kikamdondoka. Ramsakal si mtu mbaya. Ubaya wake ni kwamba hana haraka na kitu chochote duniani, na bado mambo yanamwendea. "Subiri wazee waondoke, shemeji. Mimi mwenyewe sijasia. Zangu ni za pakiti, hazina fujo. Halafu ukichoka niambie, nitaleta ng'ombe nilime lote. Sisi si watu baki."

"Nikichoka utasikia kengele."

Akaondoka anapiga mluzi. Nikajua kwamba moyoni ameshaligawa shamba kwa safu.

Siku ya kumlisha baba mkwe ilifika. Kwa kuwa Bisheshar hakuweza kuja, Ramsakal ndiye aliyesimama mahali pa mtoto, kichwa kimenyolewa kinang'aa, akamwagia wazee maji. Sisi wanawake tulipika vile mzee alivyopenda: wali wa maziwa, puri, mchuzi wa boga, bagia za choroko. Mama akapakua fungu la kwanza kwenye sahani ya majani, akaliweka juu ya ukuta wa zizi, la kunguru. Kunguru akila, mzee amekula. Asipokula, mzee ana jambo moyoni, na walio hai hawana budi kulitaja na kuliahidi.

Kunguru alikuja. Akatua juu ya zizi, akaitazama sahani, akaitazama tena, akakaa kimya.

Majirani walikuwa wamejaa uani. Kuhani, ambaye hawezi kula kabla ya kunguru, alianza kutazama masufuria kwa huzuni.

Ramsakal akasogea mpaka chini ya ukuta, akainua mikono. "Baba mkubwa, Bisheshar atakuja sikukuu ya Chhath. Kula."

Kunguru akajikuna bawa.

"Baba mkubwa, zizi tutaliezeka upya, lisivuje."

Kunguru akageuza kichwa upande mwingine.

"Baba mkubwa, kama ni shamba linakusumbua, usiwe na wasiwasi!" Ramsakal akapunga mikono yote miwili kwa moyo wa kweli. "Mimi nipo! Nitalilima kama langu!"

Kunguru akaruka, akaenda kukaa juu ya mwarobaini wa jirani. Nilicheka. Najua haifai kucheka siku kama ile, lakini nilicheka, nikajiziba mdomo kwa upindo wa sari mpaka mabega yakanitikisika.

Ndipo mama alipotoka jikoni. "Ramsakal, rudi nyuma, mpaka kule kisimani. Unamtisha kwa mikono yako."

Ramsakal akarudi nyuma. Mama akajifunika kichwa vizuri, akasimama mbali na ukuta, na yeye ambaye hapazi sauti hata akiumwa na nge, siku ile alisema kwa sauti ambayo kila aliyekuwa uani aliisikia. "Mzee, najua unachotaka. Mbegu zako nusu zimeoza. Nusu iliyobaki itasiwa leo, kabla jua halijazama, na atakayezisia ni Lalmuni. Haya, kula."

Tukangoja. Kunguru akashuka juu ya zizi. Akaruka hatua moja, akaruka nyingine, akatumbukiza mdomo ndani ya wali wa maziwa.

Uani palizuka kelele za kumwita Mungu, "Ram Ram". Mwanamke mmoja aliyezoea kunisengenya alifuta macho. Kuhani akasema kwamba kazi aliyoiagiza marehemu haihesabiwi kuwa kazi mpya, akauliza akae wapi.

Jioni tulikwenda kwenye tuta, mimi na mama peke yetu. Akafungua fundo kwenye pembe ya sari yake, akatoa kitambaa kidogo, akanimwagia mbegu kiganjani. Mbegu kavu ya koliflawa ni punje ngumu inayoteleza. Hizi zilikuwa na unyevu, zimevimba, nyingine ganda limeanza kupasuka. Mbegu haivimbi hivyo kwa saa mbili tatu. Zilikuwa zimelowekwa tangu jana yake, na mbegu iliyokwisha kuvimba hairudi kwenye kopo: ni udongoni au jalalani.

Nikainua macho. Mama alikuwa anatazama mawingu kana kwamba ndiyo kwanza anayaona.

"Mama..."

"Unashangaa nini? Sia."

Nikasia. Siku ile nilimpenda, nasema wazi, na sijui kama kabla ya hapo nilikuwa nimempenda au nilikuwa namheshimu tu.

Kitalu kile nilikitunza kama mtoto mwenye surua. Nilikifunika kwa chandarua kuukuu na plastiki, nikakifunua jua likitoka, nikakifunika wingu likipita. Miche ilipofikisha kiasi cha kiganja, tukaanza kuihamisha shambani, kila siku jua likishalegea, ili usiku uikute imeshatulia. Mama alitangulia na kijiti akitoboa mashimo, mimi nyuma na miche, tukienda safu kwa safu. Alinikosoa bila kugeuka: huo umeuzamisha, huo umeusimamisha kama askari, huo rudia.

Jioni moja Ramsakal akaja na kapu tupu, anajikuna kipara kilichoanza kuota nywele. Mbegu zake za pakiti zilikuwa zimeota hapa na pale, nyembamba kama nyuzi.

"Shemeji, miche imebaki?"

"Subiri wazee waondoke."

"Washaondoka zamani! Usinifanyie hivyo, shemeji yangu. Nitakuletea hata huyo kambare."

Nilitaka kumwacha aombe kidogo zaidi, lakini mama akasema, "Mpe. Baba yake mkubwa angempa." Nikamjazia kapu. Miche yenyewe ingeoza bure, na ukweli ni kwamba furaha yangu ilikuwa imeshazidi.

Aghan ikaingia na ukungu wake. Koliflawa zikafungua majani, na ndani yake maua meupe, yamebana, mazito, kila moja linajaza mikono miwili. Tulizipeleka soko la Hajipur, na wachuuzi waliomkumbuka mzee Jagdeo waliziona kwa mbali wakauliza ni nani aliyefufuka. Bisheshar alipopiga simu nilimwambia nimepumzika vya kutosha.

Kisha asubuhi moja mama alinifuata shambani. Mkononi alikuwa na vipande vya kitambaa chekundu, amevichana kutoka taulo la bega la baba mkwe. Kila mwaka mzee alipita kwenye safu peke yake, akichagua mimea iliyo bora kuliko yote, na kuifunga kitambaa isivunwe, ikae izae mbegu za mwaka unaofuata. Hata mke wake hakumruhusu kuchagua. Ramsakal alipolishika shamba, hakufunga hata mmoja.

Mama akanipa vile vipande.

"Mimi?" nikasema. "Sijui kuchagua, mama. Nitakosea."

"Utakosea. Mwakani utakosea kidogo."

Nikainama nijifanye natazama majani. "Mama, na kunguru asingekula?"

"Baba mkwe wako hakuwahi kukataa wali wa maziwa," akasema.

Nikazunguka safu zote, nikachagua mmea mmoja uliokaa katikati, majani yake yameukumbatia moyo wake vizuri, nikafunga kitambaa. Mama akaja nyuma yangu, akautazama mmea, akakaza fundo. Hakubadilisha.

Nilikuwa nafunga cha tatu Ramsakal alipofika kwenye boma na kijiti chake cha mwarobaini. Aliviona vile vitambaa vyekundu ndani ya ukungu, akasimama, akaacha kusugua meno.

"Mama mkubwa," akaita, "ina maana na mwakani mtalima wenyewe?"

"Ndiyo," akasema mama, na hakuongeza neno.