Jiwe la Kufunikia

Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Garissa, na ugonjwa wetu walimu wa jiografia ni kudhani kwamba kitu kisichochorwa hakipo. Watu wa Nairobi wanaamini Kaskazini Mashariki yote ni bapa kama sinia. Hilo lilinikera miaka mingi. Basi nikaandika kitabu cha kuwaongoza wapanda milima kwenye vilima vya kwetu, na sikuacha hata kichaka.

Ukurasa wa arobaini na moja ni Buur Dheer, kilima ambacho eddo Osob, dada ya marehemu baba yangu, alichunga mbuzi kwa miaka hamsini. Nilipokuwa na miaka tisa alinionyesha maji yake: ufa kwenye mwamba, karibu na kilele, umefunikwa kwa jiwe bapa. Mvua zikikosa misimu miwili na mabwawa ya chini yakawa vumbi, ufa ule bado una maji. Niliandika yote. Mgunga uliokatika, hatua thelathini kushoto, jiwe bapa. Sikumwomba ruhusa. Nilijiambia kitabu kitakuwa zawadi ya kumshtukiza. Ukweli ni kwamba niliogopa angekataa.

Mwezi wa pili kundi la wapandaji kutoka Nairobi likanitumia picha. "Mwalimu Maryan, maji tumeyakuta pale pale! Kitabu chako ni moto!" Walikuwa wanacheka, chupa mikononi. Nikabonyeza moyo mwekundu, kisha nikawaonyesha walimu wenzangu ofisini, mmoja mmoja, hata wasiotaka.

Wiki tatu baadaye Abdiwali, mtoto wa eddo, akanipigia simu kutoka Wajir.

"Mama amezeeka, Maryan. Aliacha ule ufa wazi. Nyani wawili wametumbukia wakaozea humo. Maji yameharibika, na kiangazi ndicho hiki. Watu wamehamisha mifugo."

"Aliacha wazi? Eddo?"

"Mwenyewe amekubali. Anasema kichwa kimemtoka. Nimemleta hapa mjini, mbuzi nimewapeleka kwa kaka."

Nilipokata simu niliifungua ile picha na kuikuza. Nyuma ya wale vijana ufa ulikuwa wazi, na jiwe limelala pembeni. Siku ile sikuliona kwa sababu nilikuwa nasoma jina langu.

Ilinipasa nimpigie Abdiwali papo hapo. Sikumpigia. Nilisema jambo kama hili huambiwa mtu ana kwa ana, na ndivyo wasemavyo waoga wenye adabu. Nilikaa siku kumi na moja nikisahihisha mitihani ambayo ingeweza kungoja, na kila usiku nikijua kuna mama mzima anayejilaumu kwa kosa langu. Siku ya kumi na mbili nikapanda basi la Wajir.

Nilimkuta ameketi mkekani uani kwa Abdiwali, bila fimbo yake. Aliniita eddo kama nilivyomwita mimi, maana kwetu neno hilo huenda na kurudi. Alipoinua birika animiminie chai, Ramlo, mke wa Abdiwali, akaichukua mkononi mwake. "Acha, mama, utajiunguza." Alisema kwa upole kabisa. Eddo Osob, aliyewahi kumfukuza fisi kwa fimbo na matusi, akaiachia birika.

"Nimewaharibia watu maji," eddo akaniambia, Ramlo alipokwisha kuingia ndani. "Naukumbuka mkono wangu ukilivuta jiwe kufunika, eddo. Naukumbuka kabisa. Sasa mkono wenyewe siuamini. Jana nilimwuliza Ramlo kama nimeswali."

"Si wewe," nikasema. Nikakitoa kitabu mkobani, nikamweleza ni nini, na nani alikisoma, na picha waliyonitumia.

"Nisomee."

Nikamsomea. "Ukifika kwenye mgunga uliokatika, hesabu hatua thelathini kushoto. Inua jiwe bapa, teka maji. Ni safi mwaka mzima."

"Halafu?"

"Halafu nini, eddo?"

"Wameinua jiwe. Wamekunywa. Halafu uliwaambia nini?"

Niliutazama ukurasa, labda mstari mwingine ungeota. "Basi. Ukurasa unaishia hapo."

Sikuandika kwamba jiwe hurudishwa. Kwetu hata mtoto wa miaka minne haambiwi mara mbili. Ningeona ni kama kumwandikia mtu avue viatu msikitini. Niliwapa wageni maji ya shangazi yangu, nikawanyima adabu yake.

Nilingoja kofi. Nililitamani. Eddo Osob aliinua mkono wake wa kulia, akaugeuza huku na huku, akautazama.

"Kumbe nilifunika."

"Ulifunika, eddo."

"Nilifunika!" Alipiga kelele mpaka Ramlo akatoka mbio. "Ramlo! Wallahi nilifunika!" Akalia waziwazi, nami nikalia, na Ramlo amesimama katikati yetu na birika hajui ambembeleze nani.

Kisha akanishika kifundo cha mkono. Nguvu bado anazo. "Utasema mbele ya watu wote wa kile kilima?"

"Nitasema."

"Kwamba nani alisahau?"

Ulimi ulitaka kuwataja wale vijana wa Nairobi. "Kwamba ni mimi."

Akaichukua birika kwa Ramlo, akanimiminia chai hadi ukingoni, na tone halikumwagika. Nikapata ujasiri wa kumwomba msamaha.

"Kwa hili la kichwa changu nimekusamehe," akasema. "Maji si yangu peke yangu. Hayo kawaombe wenyewe."