Mlango wa Heshima

Nchi ya Ngojani mgeni huijua kabla hajauona mji wake, kwa sababu mstari wake humpokea njiani. Mstari huo huanzia chini ya madirisha saba ya Jumba la Mihuri, huteremka kilima cha Ketini, hulikata soko katikati, hupita mashamba ya ufuta na kupotelea mabondeni, na ndani yake watu wamesimama wakingoja karatasi: karatasi ya kujenga, ya kuzika, ya kuchimba kisima, na karatasi ya kuruhusiwa kuomba karatasi. Wamo waliochumbiana mstarini, wakaoana mstarini, wakawarithisha wanao nafasi zao kama wengine wanavyorithisha minazi. Juu kilimani, nyuma ya madirisha hayo, wanakaa Waketi, watawala saba ambao mila imewakataza kusimama mbele ya raia, nao wamevizoea viti vyao vya mninga hata haijulikani tena kiti kinaishia wapi na mtawala anaanzia wapi. Anayetaka kuwaruka wenzake hupanda kwa njia ya uani na jogoo au jora la kitambaa, akashuka na karatasi yake kabla jasho halijamkauka. Walio mstarini hawaoni kitu. Huona tu kwamba siku nzima wamesogea hatua mbili, wakasema ndivyo dunia ilivyoumbwa.

Dirisha la tatu lilikuwa la Sikudhani, mwanamke wa miaka arobaini na ushei, mpole wa sauti, ambaye alikuwa amegonga mihuri miaka kumi na tisa mpaka kiganja chake cha kulia kikawa kigumu kama unyayo. Fomu zote za Ngojani alizijua kwa moyo, ila hakuwahi kuulizwa na mtu yeyote alizionaje.

Kilichoyageuza maisha yake ni aibu ya mtu mwingine. Mtukufu Shibeli, mkubwa wa Waketi, alikwenda kwenye mkutano wa nchi jirani, na huko kila mtawala akatoa simu mfukoni kuonyesha jinsi raia wake wanavyopata karatasi kwa kubonyeza kidole. Shibeli naye akatia mkono mfukoni, akatoa leso. Alirudi amenuna, na wiki haikuisha kabla hajaiita kampuni moja ya nchi ya Tendeni, iitwayo Chonga, ije iwajengee watu wa Ngojani programu ya simu. Akamteua Sikudhani awe mwenyeji wao.

“Fomu unazijua, na maneno mengi huna,” alimwambia kutoka kitini. “Wape wanachotaka. Ila picha yangu itokee kwanza.”

Wageni walikuja watatu, kompyuta mgongoni na viatu vyenye vumbi, wakiongozwa na mwanamke mrefu aliyeitwa Lirundi. Sikudhani alikuwa amewapangia mezani mafaili arobaini. Lirundi hakufungua hata moja.

“Dada Sikudhani, anayengoja ni nani?”

“Raia.”

“Basi twende kwake kwanza. Programu tutaiandika baadaye.”

Walikaa mstarini siku nne. Waliuliza watu wanangoja nini, tangu lini, na kipi kinachowaudhi zaidi. Sikudhani alikuwa amewatazama watu hao miaka kumi na tisa kupitia tundu la ukubwa wa sahani. Sasa ndipo alipoiona miguu yao. Hapo ndipo alipokutana na Bi Mashavu, mkunga mwenye mikono mifupi na maneno makali, aliyekuwa akingoja kwa mwaka wa tisa karatasi ya kufungua nyumba ya uzazi. Katika kungoja kwake alikuwa amezalisha watoto kumi na mmoja palepale mstarini, juu ya khanga.

“Ofisini kwenu kuna mtu anayesoma haya tunayoyaandika?” Bi Mashavu alimwuliza.

Sikudhani alitaka kujibu kama karani. Akajibu kama Sikudhani. “Hakuna, mama.”

Kazi ikaanza, na kazi ile ilimlewesha. Walipewa chumba kimoja cha chini, wakajaza kuta zake vikaratasi vya kunata, vya manjano na vya samawati, kila kimoja na tatizo la mtu mmoja. Lirundi alikuwa na swali moja analolirudia kama mtoto: kwa nini?

“Hili jina la babu wa jirani mnalitumia wapi?”

“Hatulitumii.”

“Kwa nini lipo?”

Sikudhani akacheka mpaka machozi yakamtoka, kwa kuwa mwenyewe alikuwa amewarudisha mamia ya watu majumbani kwa kukosa jina la babu wa jirani. Wakalifuta. Wakafuta na lingine. Fomu ya maswali sitini na mawili ikabaki na tisa, na kila swali lililoanguka alilisikia mwilini kama mzigo unaotuliwa. Akawa anafika kazini kabla ya wafagiaji. Akiwa sokoni alisahau nyanya alizokuja kununua, akasimama kutazama jinsi wauzaji wanavyoandika simuni kwa kidole gumba, na mkono mwingine umeshika mzani.

Jaribio la kwanza walimpelekea Bi Mashavu. Alibonyeza mara tatu, akairudisha simu.

“Hiki kitu kinaniuliza kama askari aliyenikamata.”

Sikudhani aliumia, maana maswali yale ya programu aliyaandika yeye. Lirundi akaifuta kazi ya wiki mbili bila kununa, akamsogezea kiti. “Andika upya. Andika kama unavyozungumza naye.” Sikudhani akaandika: *Karibu. Unataka kufanya nini?* Safari hii Bi Mashavu alimaliza kabla chai haijapoa. Programu wakaiita Zamu. Kila mwombaji angeona simuni mwake idadi ya watu waliomtangulia, na idadi hiyo ingepungua kadiri wanavyohudumiwa.

Shibeli alipoletewa aikague, aliisifu picha yake, kisha akainama kidogo. “Na watu wetu watapitia wapi?”

“Watu wote watapita hapa, Mtukufu,” alisema Lirundi.

“Nauliza mlango wa nyuma. Nchi isiyo na mlango wa nyuma ni jela.”

Chumbani chini, kwa mara ya kwanza, hakuna aliyegusa kompyuta. “Sisi ni mafundi wa kuitwa,” Lirundi alisema. “Mwezi ujao tutakuwa tumeondoka. Nikikataa, ataleta fundi mwingine aujenge kimyakimya. Mwenye nyumba ni wewe, dada. Amua unataka nini, nasi tutakijenga.”

Hakuna aliyewahi kumwita mwenye nyumba. Kesho yake Sikudhani alipanda ghorofani kwa Shibeli na karatasi moja.

“Mtukufu, nimefikiri. Njia ya uani hupita wezi. Watu wako hawastahili kupita kama wezi. Tuwajengee Mlango wa Heshima, na kila apitaye atangazwe kwenye simu zote: jina lake, amewatangulia watu wangapi, na jina la Mketi aliyemfungulia. Nchi ijue nani ni nani.”

Uso wa Shibeli ulichanua taratibu. “Kwa herufi kubwa?”

“Kubwa kuliko zote.”

Alitia sahihi. Na kwa kuwa aliwajua Waketi wenzake kwa wivu, akaongeza kwa mkono wake kwamba mlango huo usifungwe ila kwa sahihi za wote saba, asije mmoja wao akamzimia jina.

Lirundi aliisoma karatasi hiyo mara mbili. “Nimejenga katika nchi kumi na moja,” alisema. “Sijawahi kuletewa maelezo ya kazi yaliyo wazi hivi.” Wakaujenga kwa siku sita, na Sikudhani mwenyewe akachagua mlio wa matangazo.

Zamu ilifunguliwa Jumatatu asubuhi. Kufikia saa tatu mstari ulikuwa umeyeyuka. Watu walikuwa wamekwenda kukaa vivulini mwao, simu magotini, wakiitazama namba ikishuka kama watu wanaofuata mpira. Mia nne. Mia tatu na tisini. Vinyozi waliacha vichwa nusu. Sikudhani, aliyebaki kwenye dirisha la msaada kuwahudumia wenye shida na simu, kwa furaha alishindwa kutulia kitini. Bi Mashavu alikuwa amefika namba mbili.

Saa sita simu zote za Ngojani zililia pamoja.

*HESHIMA KWA BWANA TUMBOLI, MPWA WA MTUKUFU SHIBELI. AMEWATANGULIA WATU ELFU KUMI NA NANE, KWA HISANI YA MTUKUFU SHIBELI.*

Na kila namba ikapanda kwa moja.

Waketi sita waliobaki, walipoona mwenzao anatangazwa peke yake, hawakustahimili. Wa pili akamfungulia shemeji, wa tatu kinyozi wake, wa nne akawafungulia watu watano kwa mpigo. Simu zikalia mchana kutwa. Kufikia alasiri Bi Mashavu alikuwa wa arobaini na tatu. Watu walitoka vivulini wakatazama kilimani, kisha wakatazamana, kama waliosomewa kwa sauti barua ambayo kila mmoja alidhani imeandikwa kwake peke yake.

Saa kumi Shibeli alishuka. Njia ya ndani ilikuwa imezibwa na Waketi wenzake, wakigombana nani ametangazwa mara nyingi, akalazimika kuzungukia nje, kwa miguu iliyokwisha kusahau ngazi, mpaka kwenye dirisha la msaada.

“Zima,” alisema akihema.

“Sahihi saba, Mtukufu,” Sikudhani alijibu. Sauti ilitoka ileile ya miaka kumi na tisa. “Uliagiza mwenyewe.”

Shibeli alitafuta pa kukaa, hapakuwapo. Akaegemeza kiwiko dirishani, akasimama. Alikuwa bado anahema pale alipohisi mtu nyuma yake. Bi Mashavu alikuwa amefika na simu yake, na nyuma yake muuza ufuta alikuwa akipanda ngazi, na nyuma ya muuza ufuta wengine, mmoja mmoja, bila haraka.

Bi Mashavu akamgusa begani, akamwuliza kwa sauti ambayo Sikudhani hata leo hajui ilikuwa ya upole au ya wembe.

“Samahani, baba. Wa mwisho ni wewe?”

Mtukufu Shibeli aligeuka kuujibu uso ule, akaona nyuso zilizokuwa nyuma yake, na Sikudhani akaulaza mkono wake juu ya meza, akangoja, kama wote walivyongoja, kusikia atasema nini.