Chaja Kubwa ya Gari la Bikira

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniumbua zaidi. Miaka ishirini na sita nimesimama mbele ya watoto wa Oruro, mji wetu wa Bolivia, nikichora betri ubaoni, na bado niliiua betri ya shangazi yangu kwa mikono yangu mwenyewe.

Shangazi Leocadia ana miaka themanini na mmoja. Gari lake, Ford jeusi kuukuu la gia otomatiki, hutoka gerejini mara moja tu kwa mwaka, Jumamosi ya Karnivali, likitangulia mbele ya wacheza ngoma kwenda kanisani kwa Bikira wa Mgodini. Siku hiyo husemi ni gari. Shangazi hulivika vitambaa vya kufumwa toka paani hadi kwenye boneti, kisha huvishonea sahani, vijiko na mabirika ya fedha ya ukoo wetu, mpaka dereva anabaki kuchungulia kwenye kitundu kidogo. Alipopona ugonjwa wa mapafu alimwekea Bikira nadhiri ya kumpelekea gari hilo miaka mitatu. Miwili ilikuwa imekwisha.

"Bado mmoja, halafu nipumzike," aliniambia. "Lakini mwaka huu betri tumeikuta imekufa, tumehangaika kuazima nyingine, ndipo nikanunua mpya. Wewe si ndiye msomi wetu? Nitafutie kitu cha kuitunza."

Nikaenda dukani kwa Rufina Calizaya. Rufina alikuwa mwanafunzi wangu. Niliwahi kumwambia mbele ya darasa zima kwamba yeye na nyaya hawaivi chungu kimoja. Sasa ana duka la vifaa vya umeme wa magari, na mji mzima unamtegemea.

"Shikamoo, Mwalimu! Gari lenyewe linaendeshwa mara ngapi kwa mwaka?"

"Mara moja."

"Na linapolala kuna umeme?"

"Upo."

Akaweka mezani kidude kama kipande cha sabuni. "Basi chukua hii. Inatia umeme kidogo kidogo. Betri ikishiba inaacha yenyewe, ikipungua inaanza tena. Unachomeka leo, unasahau mpaka Karnivali."

Macho yangu yalikuwa kwenye rafu ya nyuma yake. Kulikuwa na chaja nyekundu ya chuma, ina mpini, ina magurudumu, ina mshale wa kuonyesha nguvu.

"Na ile?"

"Ile ya mafundi. Ina nguvu, haina akili. Inajaza betri kwa saa chache, halafu lazima mtu aichomoe. Ukiiacha itachemsha maji yote ya betri."

Nilijua. Hilo ndilo nataka lieleweke. Nilijua vizuri kuliko yeye, ningeweza hata kumwandikia hesabu yake. Lakini nifundishwe betri na Rufina, tena wateja wawili wamesimama wanasikiliza?

"Binti, hivi unamfundisha nani?"

Wateja wakacheka. Rufina hakucheka. "Haya, Mwalimu. Ila usisahau kuichomoa."

Nikaikokota ile nyekundu barabarani kama mtu aliyeshinda ng'ombe kwenye bahati nasibu.

Miezi kadhaa nilikuwa mtu wa ahadi. Jumapili nachomeka, nakunywa chai na shangazi, nachomoa, naondoka. Kisha ikaja mitihani. Jumapili moja nilichomeka nikaondoka na rundo la karatasi za kusahihisha, na sikurudi kwa wiki tatu.

"Eulogio," shangazi alinipigia simu, "gerejini kunanuka mayai viza. Na lile dude lako linanguruma mchana kutwa."

"Ndivyo linavyofanya kazi, shangazi."

Nilipofika nikafungua vifuniko vya betri. Ndani kulikuwa kukavu. Nikaongeza maji, nikawasha gari, likakubali kwa shida. Ilipasa ninunue betri nyingine siku ileile. Ila ningelazimika kueleza kwa nini, na mimi sikutaka kueleza. Nikafunga boneti. Wiki ya Karnivali shangazi akalishonea gari vyombo vyake vya fedha kwa siku mbili, vidole vimejaa matundu ya sindano.

Jumamosi gari liliwaka. Tulikwenda mwendo wa kobe, shangazi kando yangu na kofia yake ya sherehe, bendi za tarumbeta nyuma yetu. Katikati ya barabara kuu injini ikazimika. Nikazungusha ufunguo. Tik. Nikazungusha tena. Tik.

"Sukumeni!" mtu akapiga kelele kwenye jukwaa la watazamaji.

"Gia otomatiki hiyo, haiwaki kwa kusukumwa!" mwingine akajibu. "Fungueni boneti mlitie umeme toka gari jingine!"

Kufungua boneti maana yake kukata nyuzi zote. Msimamizi wa maandamano akaja na mkasi. Shangazi akaukamata mkono wake.

"Kilichoshonewa Mama hakikatwi njiani. Tusukumeni pembeni."

Wakatusukuma pembeni, kwenye uchochoro wa wauza makopo ya povu la kurushiana, maelfu ya wachezaji wakapita. Watu walikuwa wanacheka. Ndani ya lile giza la vitambaa nilitamani ardhi inimeze.

Shangazi alikwenda kanisani kwa miguu. Aliingia kwa magoti kama wachezaji, nami nikiwa nyuma yake, na nilimsikia kila neno.

"Mama, umelikataa gari langu. Nimeringia vyombo vya fedha vya watu waliokufa. Nisamehe. Nakuongezea mitatu mingine."

Ilihitajika sentensi moja tu: shangazi, ni mimi. Mdomo ulikuwa wangu, pumzi ilikuwa yangu. Nikamsaidia kusimama.

Nilisema kesho yake, mbele ya kikombe cha api, uji wetu wa mahindi ya zambarau. Nilieleza yote, hadi wateja waliocheka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na mdomo huo ulikuwa wapi nilipokuwa nimepiga magoti?"

"Shangazi, kwa kuwa halikuwa kosa lako, labda ile nadhiri…"

"Nimeshasema mitatu. Sasa unataka nikamwambie Mama nilikuwa natania?"

Karnivali ilipokwisha alinishika mkono tukaenda dukani. Rufina alitutazama sote wawili, akauliza kana kwamba hajawahi kuuliza:

"Gari linaendeshwa mara ngapi kwa mwaka, Mwalimu?"

"Mara moja."

"Kwa miaka mingapi?"

"Mitatu," shangazi akajibu. "Tupe na betri mpya, mtu wako ailete nyumbani. Tena chaja uchague wewe, binti. Huyu ni wa kubeba tu."

Rufina akanipa kile kidude kidogo. Kutoka dukani hadi kwa shangazi ni mitaa minne, ya kupanda. Shangazi alisimama mara tano kutafuta pumzi, na kila mara nilisimama kando yake na chaja mkononi, nikitazama viatu vyangu.