Darasa la Mwanafunzi Mmoja

Karatasi ya kanuni za darasa la fizikia la Mwalimu Verna Haugstad ilikuwa na kurasa nne, na kwa miaka ishirini na tisa hakuwahi kubadilisha humo hata nukta. Mtihani haurudiwi. Kazi ikichelewa siku moja, alama kumi zimekwenda. Ikichelewa siku mbili, usijisumbue kuileta. Themanini na tisa na nusu ni themanini na tisa, haigeuki tisini hata mzazi aje na mchungaji wake. Chini ya sabini ni D, na D haijampeleka mtu chuo anachokitaka. Kila mwaka, siku ya kwanza, aliisoma yote kwa sauti, amesimama wima, miwani puani.

Mwaka huo aliisomea msichana mmoja.

Ndiyo, mmoja. Pale Norbeck, huko Dakota Kaskazini, Marekani, vijana walikuwa wakihama na mashamba madogo yakimezwa na makubwa, na sekondari nzima ilibaki na wanafunzi thelathini na wanane. Walioandikishwa fizikia walikuwa wawili, na mmoja akahama na wazazi wake wiki moja kabla ya shule kufunguliwa. Akabaki Marit Sollie, miaka kumi na saba, binti wa wafugaji wa ng'ombe, aliyetaka kusomea udaktari wa mifugo. Huko hafiki mtu bila fizikia, tena ya B kwenda juu.

Mwalimu mwingine angefupisha mambo. Verna hakufupisha. Aliposoma kwamba ni marufuku kunakili kazi ya jirani, Marit aligeuka kushoto, akageuka kulia, akaziangalia meza tupu. Aliposoma kwamba kazi za maabara hufanywa na makundi ya watu watatu, msichana akanyoosha mkono, maana kanuni zilisema usiseme kabla ya kunyoosha mkono.

"Sasa hao wawili nitawatoa wapi, Mwalimu?"

Verna akamjibu kwamba wa pili ni yeye mwenyewe mwalimu, na wa tatu watamwandikia ruhusa ya ugonjwa. Wakacheka wote wawili. Verna alikuwa hajacheka tangu mwezi wa tano, na hapo sitii chumvi. Mwezi wa tano ndipo alipomzika mumewe, Leland. Watoto hawakujaliwa. Majirani walileta bakuli zao za viazi na nyama kwa wiki mbili, kama ilivyo desturi, kisha kila mmoja akarudi kwenye shughuli zake, na simu ya nyumbani ikawa hailii ila ni watu wa bima.

Kwa hiyo kile kipindi cha saa nne asubuhi kikawa ndiyo siku yake nzima. Alikuwa na masomo mengine, hesabu za watoto wadogo wa darasa la saba na la nane, lakini hao walimchosha tu. Kwa Marit alijiandaa tangu jana yake. Walisukuma vigari juu ya meza, wakaangusha mipira kutoka juu ya ngazi ya dharura, wakabishana kuhusu saa ipi imepima vibaya. Jumamosi na Jumapili zilimwia ndefu, jamani, ndefu kupita kiasi. Alipiga deki jikoni ambako hakuna aliyekanyaga.

Shida ilikuwa moja, na Marit hakumficha. Jimbo liliruhusu wanafunzi wa shule ndogo kusoma fizikia kwa kompyuta, na darasa hilo lilikuwa na watoto ishirini na wawili kutoka miji mbalimbali, wanaonana kwenye skrini na kutaniana. Mwisho wa kuhamia huko ulikuwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tisa. Marit alisema ataamua baada ya mtihani wa kwanza.

"Si kwamba wewe mbaya, Mwalimu," alimwambia. "Ni kwamba nikipata alama sina wa kumuuliza, je, wewe umepata ngapi?"

Verna akasema anaelewa. Alielewa, ndiyo, na akaogopa vilevile. Marit akiondoka, fizikia imekufa Norbeck, na saa nne asubuhi itakuwa saa kama saa nyingine yoyote.

Mkuu wa shule, Curt Ostby, alimsimamisha kwenye korido wiki ile ya mtihani. Naye asingependa kulifunga lile darasa, alisema. Je, Verna hawezi kulegeza kamba kidogo, mara hii tu? Verna akamkumbusha kwamba yeye Curt mwenyewe aliwahi kupata C darasani mle, tena aliistahili, akapita zake. Curt akabaki anajikuna kichwa. Laiti yule mama angeshika msimamo wake hivyohivyo hadi Jumamosi!

Jumamosi mchana aliketi mezani jikoni na kalamu nyekundu, akausahihisha mtihani wa Ijumaa. Maswali matatu ya kwanza yalikwenda vizuri. La nne lilihusu mtu anayevuta robota la nyasi juu ya theluji kwa mwendo usiobadilika: nguvu ya kuvuta na nguvu inayozuia, ipi kubwa? Zinalingana, ndilo jibu. Marit aliandika kwamba ya kuvuta ndiyo kubwa, akachora mishale, akapiga hesabu nzuri mno juu ya jibu baya. Ni kosa la kila mtoto. Miaka ishirini na tisa Verna alilikata alama ishirini bila kupepesa jicho. Akakata ishirini. Akajumlisha, pamoja na alama zilizopotea hapa na pale kwenye maswali ya mwisho: sitini na moja. D.

Akainuka, akachemsha kahawa, hakuinywa. Akajiambia kwamba mishale ilichorwa vizuri. Akajiambia kwamba hesabu yenyewe haina kosa, na kwamba mtoto wa watu asivunjwe moyo mapema. Uongo mtupu, na alijua. Alimtaka Marit akae, basi. Akaichukua kalamu, akazirudisha zile ishirini, na juu ya karatasi akaandika themanini na moja. B. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililomtia aibu baadaye.

Jumatatu akairudisha karatasi. Marit akaitazama, akaifungua ukurasa wa swali la nne, akaikunja, akaitia kwenye begi. Jumanne alifanya kazi yake kimya. Jumatano, kipindi kilipokwisha, hakusimama. Akaitoa ile karatasi ya mtihani na kuiweka mezani kwa mwalimu.

"Swali la nne nimekosa," alisema. "Nililiangalia kitabuni Jumamosi, nikajua nimekosa. Nilijipigia hesabu nikapata kama sitini hivi."

Kanuni za Verna, ukurasa wa tatu, zilisema mwanafunzi akiona kosa la kujumlisha, hata lenye faida kwake, alitaje. Angeweza kusema amekosea kujumlisha. Mlango ulikuwa wazi kabisa, apite tu. Alimwangalia yule msichana na nywele zake alizozibana vibaya, na mikono yenye mikwaruzo ya seng'enge, akashindwa.

"Sikukosea kujumlisha," alisema Verna. "Nilikuongezea."

"Kwa nini?"

"Nilitaka ubaki."

Marit hakukasirika, ingekuwa afadhali angekasirika.

"Nilishamwambia mama tangu Ijumaa kwamba nabaki," alisema. "Hata kabla hujasahihisha. Nilisema hata nikipata D nitabaki, maana angalau najua Mwalimu Haugstad akisema umekosa, umekosa. Na wewe ndiye uliniambia wa pili ni wewe." Akajifuta pua kwa mkono wa sweta. "Humu sina mtu wa kujipima naye. Nina wewe tu. Sasa ukiniandikia tisini nitajuaje kama ni tisini?"

Verna alitaka kumwambia kwamba haitatokea tena, kwamba ni mara moja kati ya miaka ishirini na tisa. Ilikuwa kweli, lakini ukweli wa mtu aliyekwisha kudanganya unasikilizwa na nani? Akasema pole. Alisema mara mbili.

"Nami pia, pole," alisema Marit, na ilionekana anasema kweli. Akatoa kwenye begi fomu ya ofisi, ya kuhamia darasa la kompyuta. Mama yake alikuwa ameshatia sahihi. Ilibaki ya mwalimu, na juu ya mstari wa sahihi, kisanduku kidogo: alama ya mwanafunzi hadi leo.

Verna akaishika kalamu. Alama hiyo ingemfuata Marit kule aendako. Themanini na moja ingempokea vizuri mbele ya mwalimu asiyemjua na wenzake ishirini na wawili. Sitini na moja ingemfanya aanze na deni la kulipa hadi Krismasi. Hakuna ambaye angeuliza. Na safari hii, Mungu shahidi, asingekuwa anajitafutia chochote. Alimpenda tu yule mtoto. Akainua macho. Marit alikuwa akiutazama ule mkono wenye kalamu.

Verna akaandika sitini na moja, akatia sahihi, akaandika tarehe.

Marit akaisoma ile namba. Akapumua, akatikisa kichwa kukubali, akaikunja fomu mara mbili.

"Asante, Mwalimu," alisema. "Hii naiamini."

Akachukua begi, akarudisha kiti chini ya meza, akatoka.